Uwanja wa Olmoti si kipimo cha barabara zetu

Tangu uwanja wa mpira wa Olmoti uanze kuinuka kwa ajili ya AFCON 2027, kauli moja imezagaa Arusha na kuvuka hadi Moshi: kumbe tukiamua tunaweza. Watu wanaona majukwaa ya watazamaji 30,000 yakipanda, kisha wanageukia barabara ya mtaani kwao iliyokwanguliwa na greda, ikapigwa vigingi, halafu ikabaki vumbi miezi kadhaa, na wanahitimisha kwamba kinachotofautisha miradi hiyo miwili ni vibali. Kwenye uwanja, wanasema, serikali ilisukuma na milango ikafunguka. Kwenye barabara kuna NEMC, baraza la mazingira, kuna mthamini, kuna kamati, kuna muhuri juu ya muhuri. Wengine wanaongeza kwamba dawa imeshapatikana: tangu 2023 zabuni za umma zinapita kwenye mfumo wa NeST, na kilichobaki ni kuhamishia kila hatua nyingine kwenye kompyuta.

Hoja zote mbili zinatazama pasipo. Muda na fedha za miradi ya barabara na maji mijini hupotea zaidi kati ya siku mkataba unaposainiwa na siku mkandarasi anapokabidhiwa eneo la kazi lililo wazi kweli, yaani lisilo na nyumba ambayo mwenyewe hajalipwa, lisilo na bomba lisilojulikana linapita wapi, lisilo na udongo ambao hakuna aliyeupima. Sheria zetu zinataka mambo hayo yafanyike. Kinachokosekana ni kifungu cha mpangilio: kanuni inayozuia mkataba wa ujenzi kusainiwa mpaka yawe yamefanyika. Na teknolojia tunayojivunia tumeielekeza kwenye wiki chache za zabuni, ilhali miezi inaliwa ardhini.

Chukua uwanja wenyewe. Ni kiwanja kimoja chenye mzingo mmoja. Maji, umeme na barabara ya kuingilia vinafika pale kwa sehemu chache zinazohesabika. Mkandarasi akishazungushia uzio, ratiba yake inategemea nondo, zege, mitambo na hati zake za malipo. Barabara ya mjini ni kitu kingine kabisa. Kwa hesabu ya haraka, kilomita 10 zenye viwanja vya upana wa mita 20 kila upande zinagusa mipaka 1,000. Kila mpaka una mtu, na watu hao wana ukuta, duka, geti, mti wa mparachichi, kaburi la babu, bomba lililoungwa kihalali na jingine lililoungwa usiku. Mmoja akigoma kilomita ya 4, tingatinga haliwezi kumruka bila hasara, kwa sababu barabara hujengwa kwa kufuatana: mtaro hauwezi kumwaga maji pale ambapo mtaro unaofuata haujachimbwa.

Tofauti hii tunaijua hapa nyumbani. Mradi wa barabara ya Arusha hadi Holili ulikuwa na vipande viwili jirani: njia nne za Sakina hadi Tengeru, kilomita 14.1, na barabara ya mchepuo, kilomita 42.4. Mchepuo ulikuwa mrefu mara tatu, lakini kwa sehemu kubwa ulipita pembezoni na mashambani. Zile kilomita 14.1 zilipita katikati ya maduka, vituo vya mafuta, masoko na magari ambayo hayakuweza kusimamishwa hata siku moja. Anayelinganisha miradi kwa urefu wa kilomita, au kwa bei ya kilomita moja, anaacha nje kitu kinachopandisha bei kuliko lami.

Turudi kwenye sheria, kwa sababu ndiyo inayolaumiwa. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Kwa tarakimu ni mita 7.5 tu zilizoongezeka, lakini ndizo zilizozaa X za rangi mbili kwenye kuta zetu: nyekundu kwa aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, ambaye huondoka bila fidia, na ya kijani kwa aliyekutwa na upanuzi, ambaye anastahili kulipwa. Fidia yenyewe ina vipengele vilivyoainishwa katika kanuni za 2001: thamani ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, usafiri wa tani 12 za mizigo kwa umbali usiozidi kilomita 20, kodi ya pango ya miezi 36 kwa anayepoteza makazi, na faida ya miezi 36 kwa anayepoteza biashara. Mthamini anapita nyumba kwa nyumba, jedwali linaidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, na hapo saa inaanza kuhesabu. Kwa mujibu wa sheria ya uthamini ya 2016, malipo yakipita miezi 6 tangu idhini yanaanza kuzaa riba, na ikipita miaka 2 bila malipo uthamini wote unakufa na kazi inaanza upya.

Ukiitazama vizuri, sheria hiyo haimcheleweshi mjenzi. Inamwadhibu anayethamini kabla hajawa na fedha, na inamlinda mwenye nyumba asilipwe bei ya mwaka juzi. Ucheleweshaji unaingia pale taasisi inapofanya uthamini ili tu kutimiza sharti la mradi, ikasaini mkataba wa ujenzi, halafu ikaanza kutafuta fedha za fidia katika bajeti inayofuata. Wakati huo mkandarasi yuko saiti. Ameshajenga kambi, ameleta mtambo wa kijiko, dozi, greda, rola na mabowza ya maji, na anapewa vipande: mita 600 hapa, mita 900 kule. Hawezi kukataa, maana akikataa anaonekana mzembe. Akikubali, gharama zake zinapanda kwa namna ambayo mkataba unamruhusu kuidai baadaye.

Gharama hizo zinahesabika. Tuchukulie mkataba wa shilingi bilioni 20 wa miezi 18, ambao kambi, ulinzi, magari ya usimamizi, mishahara ya wahandisi, bima na ada za dhamana ya benki ni asilimia 12 ya bei. Hiyo ni bilioni 2.4, sawa na shilingi milioni 133 kila mwezi, barabara isogee isisogee. Miezi 4 ya kusubiri fidia inagharimu zaidi ya milioni 530 kabla ya kuhesabu mitambo iliyolala. Na mwezi wa kuchelewa hauna bei moja mwaka mzima, jambo ambalo ratiba nyingi hazilioni. Kwetu masika huingia Machi na kuendelea hadi Mei, na vuli hupita mwishoni mwa mwaka. Dirisha zuri la kazi za udongo ni Juni hadi Oktoba, pamoja na wiki chache za Januari na Februari. Mradi uliopangwa kuanza kumwaga kifusi mwanzoni mwa Januari ukicheleweshwa wiki 6 na nyumba tatu zisizolipwa, haupotezi wiki 6. Unaangukia masika. Kifusi kikishalowa kupita kiwango chake cha unyevu hakishindiliki. Ardhi inanesa chini ya rola, kipimo kinafeli, tabaka linachimbuliwa upya kwa greda, linaanikwa siku mbili tatu, linashindiliwa tena, na mvua ya usiku inarudisha kazi mwanzo. Wiki 6 zinakuwa miezi 4 na ushee, na lawama inakwenda kwa hali ya hewa.

Jambo la pili linalokula miezi ardhini ni mabomba, na Arusha ina sababu ya pekee ya kulijali. Mradi mkubwa wa maji wa shilingi bilioni 520, uliolenga kupandisha uzalishaji kutoka lita milioni 40 hadi milioni 200 kwa siku, ulisambaza mabomba mapya karibu kila upande wa jiji, juu ya yale ya zamani yaliyokuwapo. Ulihitajika sana, mji uliokuwa ukinywa maji yenye madini ya floraidi kupita kiasi haukuwa na anasa ya kungoja. Lakini mabomba ya kisasa ya usambazaji kwa sehemu kubwa ni ya plastiki, na kifaa cha kawaida cha kusaka mabomba hufanya kazi kwa kunasa mkondo wa umeme kwenye chuma. Plastiki hakiioni. Rada ya ardhini inaweza kuiona kwenye mchanga mkavu, ila kwenye mfinyanzi uliolowa mawimbi yake hufifia kabla hayajafika mita moja. Hivyo dereva wa kijiko anachimba mtaro kwa kubahatisha, anakata bomba la inchi 6, kata nzima inakosa maji siku mbili, mtaro unajaa tope, na ukuta wa udongo uliokuwa umechongwa vizuri unaporomoka. Kisha linakuja swali la nani analipa, na barua zinaanza kupishana kati ya taasisi mbili za serikali hiyo hiyo.

Dawa ya tatizo hili ni nyepesi kiasi kwamba inauma kuona haijawa kanuni kila mahali. Bomba la plastiki linapolazwa, waya wa shaba uliofunikwa plastiki unalazwa juu yake, na ncha zake zinaishia kwenye vifuniko vya valvu. Miaka 20 baadaye fundi anaunganisha kifaa chake kwenye ncha moja na kufuata bomba lote kwa miguu. Mtaro ukiwa bado wazi, mpimaji anapita na kipokezi cha setilaiti kinachopima kwa usahihi wa sentimita chache, anachukua nukta kila mita 20, kila kona na kila valvu, pamoja na kina chake. Gharama ya waya na ya mpimaji huyo ni sehemu ndogo sana ya gharama ya bomba lenyewe. Uholanzi ilifanya jambo hili kuwa sheria mwaka 2008: anayetaka kuchimba kwa mtambo lazima aombe kwanza taarifa za kilicho chini, na wenye mitandao lazima wazitoe. Marekani, Chuo Kikuu cha Purdue kilipitia miradi 71 ya barabara na kukuta kwamba kila dola moja iliyotumika kusaka miundombinu ya chini ya ardhi kabla ya usanifu iliokoa wastani wa dola 4.62. Kwa hiyo hapa kanuni inaongezwa, na mradi unapungua bei. Anayedai kwamba kila kanuni mpya ni mzigo hana jibu kwa mfano huu.

NeST nayo ipewe haki yake. Kabla ya mifumo ya kielektroniki, mzabuni wa Moshi alinunua makabrasha, akachapa nakala, akafunga bahasha kwa lakiri na kumpandisha mtu basi la usiku ili awahi saa ya kufungua zabuni. Leo anawasilisha kwa kompyuta, sifa zake zinasomeka kwenye mfumo, na nyayo za kila hatua zinabaki kwa mkaguzi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 iliupa mfumo huo nguvu ya lazima, na uwazi wake ni faida inayostahili kulindwa. Lakini mfumo wa ununuzi unanunua kile ulichopewa. Mhandisi wa halmashauri akipakia michoro iliyonakiliwa kutoka barabara nyingine, na jedwali la kiasi cha kazi lenye mita za ujazo za kukisia, mfumo utayashindanisha makisio hayo kwa haki na kwa haraka. Mkandarasi mwerevu anaona kasoro: kiasi cha kuchimba mwamba kimeandikwa kidogo, naye anajua eneo lile lina mawe ya volkano. Anaweka bei kubwa kwenye mwamba na bei ndogo kwenye vingine, anashinda kwa jumla ya chini, na kiasi cha mwamba kinapoongezeka mara nne saiti, mkataba uliokuwa wa bei nafuu kuliko yote unageuka wa bei ghali kuliko yote. Hakuna aliyeiba, na hakuna kanuni ya mfumo iliyovunjwa. Kilichokosekana ni mashimo ya majaribio.

Hapa ndipo hoja ya kufuta kanuni inapokuwa dhaifu kuliko zote. Wanaoitetea wana jambo moja la kweli: ada na ukaguzi unaojirudia ni kero halisi, na serikali yenyewe ilikiri hivyo ilipoandaa mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, MKUMBI, mwaka 2018. Mkandarasi anayejaza taarifa zilezile kwa taasisi nne anapoteza muda ambao kompyuta zinazosomana zingeumaliza kwa dakika. Tuziondoe hizo. Ila wanapoitaja tathmini ya athari kwa mazingira kama kizuizi kikuu, ukweli hauwaungi mkono. Marekebisho ya kanuni ya 2018 yaliigawa miradi kwa uzito wake, kuanzia ile inayolazimika kufanyiwa tathmini kamili hadi ile midogo inayohitaji maelezo mafupi. Na hata tathmini kamili inaweza kwenda sambamba na usanifu, kwa kuwa inahitaji taarifa zilezile. Inapochelewesha mradi, mara nyingi ni kwa sababu ilianzishwa usanifu ukiwa umekwisha, kama karatasi ya kufungia faili.

Ikifanywa kwa wakati inaokoa fedha, na mteremko wa Kilimanjaro unaonyesha jinsi gani. Mhandisi anayesanifu barabara ya Kibosho au Marangu anahesabu mito na makorongo kwenye ramani, anakadiria mvua, anapanga makalavati. Ramani haimwonyeshi mifongo, ile mifereji ya kale ya umwagiliaji inayokata mteremko kwa mshazari. Mfongo una zamu; akipita siku ambayo maji yamegeuziwa upande mwingine, anaona mtaro mkavu wa upana wa jembe na kuufukia kwenye michoro. Barabara ikikamilika, maji yanarudi kwa zamu yake, hayana pa kupita, yanatembea na bega la barabara mita mia mbili, yanakula udongo chini ya ukingo wa lami, na ndani ya masika mawili ukingo unaning'inia. Kalavati la kipenyo cha milimita 600 pale lingesaidia kidogo, kisha lingezibwa na majani ya migomba na tope. La milimita 900 linaingilika kwa koleo na linasafishika. Mzee anayesimamia zamu za mfongo angemwambia mhandisi habari hiyo yote kwa dakika 10 kwenye mkutano wa hadhara ambao tathmini ya mazingira inaulazimisha. Huo ndio mkutano ambao wenye haraka wanataka uondolewe.

Udongo nao haukubali kuharakishwa. Juu milimani tuna udongo mwekundu wa volkano ambao kwa kawaida hubeba vizuri. Ukishuka kuelekea Kisongo au tambarare za chini ya Moshi unakutana na udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kupasuka kiangazi nyufa za kuingiza mkono. Mwongozo wa usanifu wa barabara wa 1999 unaupanga udongo wa chini kwa uwezo wake wa kubeba, madaraja S3, S7 na S15, na sampuli hulowekwa siku 4 kabla ya kupimwa. Siku hizo 4 hazina mbadala wa kidijitali. Droni inaweza kuchora sura ya ardhi ya kilomita 10 kwa siku moja, kazi ambayo zamani ilichukua timu ya wapimaji wiki kadhaa, lakini haioni kilicho nusu mita chini. Nimeona wenzetu wengi katika fani wakifurahia ramani nzuri ya rangi na kupunguza mashimo ya majaribio ili kufidia gharama ya droni. Ni biashara mbaya. Udongo wa mbuga ukigundulika baada ya mkataba, unatakiwa kuondolewa na kujazwa kifusi, au kuchanganywa na chokaa. Machimbo ya kifusi huenda yako kilomita 25, na kila kilomita ya lori ina bei yake. Zege nayo inapimwa siku ya 7 na ya 28. Unaweza kuagiza makalavati yaliyokwisha kumwagwa kiwandani ili usingoje saiti, na hiyo ni teknolojia inayookoa muda kweli, ila lazima iagizwe mapema, na kuagiza mapema kunahitaji vipimo vya uhakika. Tunarudi palepale.

Upande wa pili una hoja moja nzito. Wanasema: tukisubiri kila kitu kikamilike kabla ya kusaini, fedha zitapotea. Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, mkopeshaji naye ana tarehe ya mwisho, na tukio kama AFCON halisogezwi. Afisa aliye na fedha mkononi leo anasaini leo, maana kesho kifungu kinaweza kuwa kitupu. Namwelewa, na simwoni mzembe; anafanya kile ambacho utaratibu unamtuza kukifanya. Jibu ni kuitenganisha bajeti ya maandalizi na ya ujenzi. Uthamini, fidia, uchunguzi wa udongo, kusaka na kuhamisha mabomba na nguzo viwe mradi wenye fedha zake na mikataba yake midogo, katika mwaka unaotangulia. Fedha zinatumika, kazi inaonekana, na mwaka unaofuata zabuni kuu inatangazwa juu ya eneo safi. India ilipita njia hii baada ya barabara zake kukwama kwa miaka: mamlaka ya barabara kuu ikaweka masharti ya kuwa na asilimia 80 ya ardhi kwa miradi ya ubia, na asilimia 90 kwa mikataba ya kusanifu na kujenga, kabla ya siku rasmi ya kuanza kazi. Kwetu pia mlango uko wazi. Mradi wa TACTIC wa kuboresha miundombinu ya miji, ambao Benki ya Dunia inaugharamia kwa mkopo wa dola milioni 410 kwa miji 45, Arusha na Moshi zikiwemo, unabanwa na masharti ya benki yanayotaka watu walipwe kabla ya kuondolewa. Sharti tunalolikubali kwa mkopeshaji tunaweza kujiwekea wenyewe kwa fedha zetu.

Wapo pia wanaohofia walanguzi: fununu ya mradi ikitoka, vibanda na miche ya migomba huchipuka usiku kucha kwenye njia ya barabara. Hofu hii ni ya kweli, na hapa droni inastahili pesa yake. Siku ya ukomo wa uthamini inapotangazwa, droni inapiga picha za juu zenye vipimo, nazo zinahifadhiwa kwa mthamini, kwa ofisi ya mtaa na kwa mwenye mradi. Kilichoota baada ya tarehe ile hakina mjadala. Picha hiyohiyo inamlinda mwananchi dhidi ya jedwali lililomruka. Gharama yake ni ndogo mbele ya banda moja la uongo lililolipwa faida ya miezi 36.

Imebaki kanuni ambayo haitajwi sana kwa sababu inaibana serikali yenyewe: kulipa kwa wakati. Mikataba mingi mikubwa inafuata masharti ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, na toleo la 1999 linampa mwajiri siku 56 tangu mhandisi apokee maombi ya malipo. Kwa riba ya benki ya asilimia 15 kwa mwaka, hati ya malipo ya bilioni 1 iliyochelewa miezi 6 inamgharimu mkandarasi milioni 75. Mkandarasi mkubwa wa kigeni anavumilia na kudai riba. Yule wa ndani, ambaye kanuni za ununuzi za 2024 zimemtengea zabuni za kazi zisizozidi bilioni 50, anafilisika au anapunguza saruji. Na wote wawili wakija kwenye zabuni inayofuata wanaweka hasara hiyo ndani ya bei, kimya kimya, kwenye kila mita ya ujazo ya kifusi. NeST inajua mkataba ulisainiwa lini na kwa bei gani. Ingeonyesha hadharani pia siku ambazo kila taasisi inachukua kulipa, kwa jina la taasisi, bei za zabuni zingeshuka kwa wale wanaolipa vizuri, na wasiolipa wangelazimika kueleza kwa nini barabara zao ni ghali.

Utafiti wa 2002 wa Bent Flyvbjerg na wenzake uliopitia miradi 258 ya usafiri duniani ulikuta 9 kati ya 10 ilizidi makadirio. Barabara kwa wastani wa asilimia 20, reli asilimia 45. Kwa hiyo Arusha na Moshi hazina laana ya peke yao, na hata nchi zenye kompyuta nyingi kuliko zetu zimo kwenye orodha. Jambo la kufanya hapa ni dogo na liko ndani ya uwezo wa halmashauri na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini: tangazo la zabuni ya barabara ya mjini lisipande kwenye NeST bila viambatisho vitatu. Cha kwanza ni uthibitisho wa benki kwamba fidia imelipwa kwa angalau asilimia 90 ya urefu wa barabara. Cha pili ni ramani ya mabomba na nyaya iliyosainiwa na mamlaka ya maji, TANESCO na kampuni za simu, yenye kina cha kila kimoja. Cha tatu ni ripoti ya udongo yenye nukta za mashimo, tarehe na picha. Mfumo unaweza kukataa kupokea tangazo lisilo navyo, kama unavyokataa leo mzabuni asiye na sifa. Bajeti za halmashauri hujadiliwa miezi ya mwanzo wa mwaka, na diwani anayetaka lami kwenye kata yake miaka miwili ijayo ana swali la kuuliza sasa: kifungu cha mashimo ya udongo na cha picha ya siku ya ukomo kiko ukurasa wa ngapi, na kina shilingi ngapi.